Kaye Moja, Nyumba Nne

Vita ilipoingia Uvira, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Oktoba 1996, nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Mama alibeba sufuria na unga, kaka yangu akabeba godoro, nami nikabeba kaye tatu ndani ya mfuko wa plastiki. Kaye ndilo jina letu la daftari. Tulitembea kuelekea kusini hadi Baraka, na kutoka huko mtumbwi wa injini ukatuvusha usiku kwenda upande wa Kigoma, Tanzania. Maji ya ziwa yaliingia kwenye mfuko. Wino wa kurasa tisa ukakimbia.

Kaye moja ilikuwa yangu, ya jiografia. Mbili zilikuwa za wenzangu, moja ya kemia na nyingine ya historia. Nilikuwa nimeziazima siku ya Jumamosi ili nikopi masomo niliyoyakosa nilipougua malaria. Kwa desturi yetu, kaye ya mtu hurudi kwa mwenyewe kabla ya somo linalofuata. Somo lililofuata halikufundishwa.

Leo mimi ni mwalimu wa jiografia na historia hapa Nyamianda, Uvira. Wazazi wakisikia kwamba darasa langu lina kundi la WhatsApp, huniuliza jambo hili jipya tumelitoa wapi. Nawajibu kwamba simu ndiyo mpya. Kazi inayofanywa ndani yake ni ya zamani: ni kazi ya kaye iliyokuwa ikitoka nyumba hii kwenda ile jioni. Mwalimu asiyeijua historia ya kaye atalitumia kundi vibaya, nami nimewaona walimu wengi wakilitumia vibaya. Ndiyo sababu naandika.

Enzi ya tablo

Shuleni kwetu kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha profe, yaani mwalimu. Alikuja na chaki, akaandika muhtasari kwenye tablo, yaani ubao, nasi tukanakili. Tablo ilipojaa alifuta upande wa kushoto na kuendelea kuandika hapohapo, na mwenye mkono mzito aliachwa nyuma. Wengine hawakuwepo kabisa. Tangu mgomo mkubwa wa walimu wa 1992 na 1993, mzigo wa kuwalipa walimu uliangukia wazazi, kwa mchango tulioita primu. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakikupatikana kitu alirudishwa mlangoni. Alikaa nyumbani siku tatu, pengine wiki nzima. Elimu ya msingi ilikuja kutangazwa bure katika shule za serikali Septemba 2019. Sekondari wazazi wanaendelea kulipa.

Masomo ya yule aliyerudishwa yalimfikia kwa miguu. Jioni mwenzake alipita na kaye, akaiacha, akaja kuichukua asubuhi. Kaye nzuri, ya mtu mwenye mwandiko unaosomeka, ilizunguka nyumba nne kwa wiki moja. Ilikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Unaifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji ili mafuta ya taa yasiichafue. Ukikuta neno limerukwa, unalijaza kwa kalamu ya risasi, si kwa biki, ili mwenyewe aamue. Ukiirarua, unaikopi upya yote. Na huruhusiwi kuinyima nyumba ya tano.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Mwenye kaye safi alikuwa na deni kwa asiyekuwa nayo, hata kama hawakuwa marafiki.

Wafinalisti, yaani wa mwaka wa sita, walikuwa na mali yao nyingine: itemu. Mtihani wa Serikali unafanywa nchini tangu 1967, na maswali yake ya kuchagua jibu ndiyo tunayoyaita itemu. Maswali ya miaka iliyopita yalikopiwa kwa mkono, baadaye yakapigwa fotokopi kwenye vibanda vya sekretaria, yakapita mikononi hadi karatasi zikalegea kama kitambaa. Vijana walikusanyika palipokuwa na umeme. Mmoja alisoma swali kwa sauti, wengine wakajibu, na aliyejibu vibaya alilazimika kueleza sababu ya kosa lake. Matokeo tuliyasikiliza kwenye redio, na miaka ya baadaye yakawa yanafika kwa ujumbe wa simu. Aliyefaulu alimwagiwa unga mweupe kichwani, akatembezwa mtaa mzima. Hadi leo hufanywa hivyo.

Kambini Nyarugusu, huko Kigoma, niliona nguvu ya desturi hii kwa macho yangu. Walimu wetu, wakimbizi kama sisi, waliamua kufundisha programu ya Kongo kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi mtoto asianze upya. Vitabu havikuwepo. Walipita kutoka hema hadi hema wakiuliza nani aliyekimbia na kaye. Profe mmoja aliichukua yangu ya jiografia na zile mbili nilizoziazima, akazinakili kwa siku kumi na moja, na somo likaanza. Kurasa tisa zilizofutika alizijaza kwa kichwa. Darasa zima lilisoma kwa kaye zilizofika hapo kwa bahati.

Sauti kabla ya maandishi

Baada ya kambi nilisoma ualimu Bukavu. Niliporudi Uvira, habari zilikuwa zinasafiri kwa sauti. Miaka ya vita watu walikuwa wakienda kwenye nyumba yenye fonie, ile redio ya kupiga na kupokea, wakangoja zamu yao ya kuzungumza na ndugu aliye mbali huku kila aliyekaa pale akisikia. Radio Okapi ilianza kurusha matangazo 25 Februari 2002. Kisha zikaja simu za mkononi, na mpakani Kavimvira mtu aliweza kubeba kadi mbili, ya Kongo na ya Burundi, akitumia ile yenye mtandao saa hiyo.

WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009, lakini kwetu ilipata maana kubwa kuanzia 2013, ilipoweka uwezo wa kutuma sauti iliyorekodiwa. Mama anayeuza ndagala, yaani dagaa, sokoni, ambaye kuandika kunamchosha, alibonyeza, akasema, akatuma. Kwa mji uliokwisha kuzoea fonie na redio, hilo lilieleweka siku ya kwanza.

Mwaka 2016, kupitia Facebook, nilimpata mwenye kaye ya kemia. Tulikuwa tumepotezana kwa miaka ishirini. Alikuwa amehamishiwa Marekani. Nilimpigia picha kaye yake ukurasa kwa ukurasa, nikamtumia. Alinijibu kwa sauti, akisoma kwa nguvu fomula alizoziandika akiwa na miaka kumi na saba, akacheka, akalia. Siku hiyo niliwaza: kama kaye inaweza kumfikia mwenyewe ng'ambo ya bahari, kwa nini isimfikie mtoto wa mtaa wetu wa Kakombe aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule?

Nilikuwa tayari na sababu ya kutoitegemea simu peke yake. Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, ikaikata tena kwa karibu wiki tatu. Aliyekuwa ameweka masomo yake yote ndani ya simu alibaki mikono mitupu. Tangu hapo sheria ya darasa langu ni moja: kinachoingia kwa simu kiandikwe kwenye kaye siku hiyohiyo.

Mwaka wa mafuriko

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa 10 Machi 2020. Tarehe 19 Machi shule zote zikafungwa. Hatukujaliwa hata mwezi mmoja wa kujipanga: usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Mitumba, na mito inayoukata mji wetu, Mulongwe ikiwa mbele, ikashuka na mawe, miti na matope. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Wanafunzi wangu wakatawanyika kwa shangazi, kwa wajomba, na kwenye maeneo ya wahamaji.

Jumatatu iliyofuata nilichukua orodha ya darasa na biki. Wanafunzi 47. Niliuliza kila nyumba swali moja: hapa kuna simu inayopokea WhatsApp? Zilikuwa 14, na 3 tu zilikuwa za wanafunzi wenyewe. Nyingine zilikuwa za baba, za dada, moja ya mpangaji. Hapo ndipo walimu wengi walipokosea. Waliunda kundi, wakatuma masomo, wakahesabu waliosoma, wakasema darasa linaendelea. Kwa hesabu hiyo, wanafunzi 33 wa kwangu wasingekuwepo tena duniani.

Nilirudi kwenye desturi ya nyumba nne. Kila simu ikawa kituo, na kila kituo kikapewa majina ya wanafunzi watatu au wanne wanaokaa karibu, akiwemo wa nyumba hiyo. Saa kumi na mbili jioni, muda ambao wenye simu wamerudi kutoka kazini na betri bado ina uhai, nilituma vitu vitatu tu: picha moja ya muhtasari niliouandika kwa mkono, sauti moja isiyozidi dakika mbili, na swali moja. Mwenye kituo alinakili kwenye kaye, na asubuhi kaye ikaanza safari. Majibu yalirudi kwa njia ileile, yakipigwa picha kituoni. Sikutuma video. Video moja ilikula mega za intaneti za siku tatu, na baba wa nyumba ana haki ya kuzihurumia mega zake.

Umeme wetu hutoka kwenye maporomoko ya Ruzizi, ambako mtambo wa pili unafanya kazi tangu 1989, lakini taa huja na kuondoka. Vijana walipeleka simu kuchajishwa kwenye vibanda vyenye jenereta au sahani za jua. Septemba mwaka huo ikaongezeka kodi ya kusajili simu, iliyoitwa RAM: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti, dola 1 kwa simu ndogo, zikikatwa moja kwa moja kwenye inite, yaani salio la simu. Vituo viwili vilizimika kwa sababu hiyo. Kodi ilifutwa mwanzoni mwa 2022 baada ya manung'uniko ya nchi nzima, lakini kwa miezi ile mtoto wa Nyamianda alilipia somo mara mbili.

Wafinalisti walirudi darasani Agosti 2020. Shule zilifungwa tena 18 Desemba na kufunguliwa 22 Februari 2021. Vituo vilivyobaki havikufa katikati. Nilipowakusanya wote mbele ya tablo, niliomba kaye 47 na kuzifungua moja baada ya nyingine. Nilipata 41 zenye masomo yote.

Ruzizi inaingia au inatoka?

Nataka nieleze somo moja, kwa kuwa ndilo lililonionyesha kwamba simu inaweza kufanya zaidi ya kubeba muhtasari.

Aprili 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nile. Walitumaini kwamba mto Ruzizi unatoka Tanganyika kwenda kaskazini. Wenyeji wa hapa waliwaambia wazi kwamba mto unaingia ziwani. Hawakufika mdomoni pake, wakageuka. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja, wakaona kwa macho kwamba wenyeji walisema kweli. Ruzizi huleta maji ya ziwa Kivu. Maji ya Tanganyika hutokea upande mwingine, kwa mto Lukuga, palipo Kalemie.

Kwa miaka mingi nimefundisha habari hiyo kwa chaki, wanafunzi wakanakili kwa Kifaransa, wakasahau. Mwaka 2021 nilituma swali kundini kwa Kiswahili: «Ungekuwa wewe ndiye uliyeulizwa na Burton, ungemthibitishiaje?» Usiku ule simu haikunyamaza. Kijana mmoja alimrekodi babu yake mvuvi akieleza jinsi rangi ya maji inavyobadilika pale matope ya Ruzizi yanapokutana na ziwa. Binti mmoja alitupa ganda la ndizi mtoni, akahesabu hatua, akatutumia mahesabu. Mwingine alituma picha ya ukuta wao wenye alama ya maji, kwa kuwa miaka hiyo ziwa lilikuwa limepanda na kuingia kwenye nyumba za pwani na bandari ya Kalundu. Hapo nikapata nafasi ya kuwaeleza kwamba mwaka 1878 ziwa lilipanda kuliko sasa, hadi Lukuga ikapasua kizuizi chake na maji yakashuka. Walielewa, kwa sababu ukuta wa mwenzao ulikuwa mbele ya macho yao.

Binti wa ganda la ndizi hakuwa amefungua kinywa darasani tangu mwaka uanze. Nilimwuliza sababu. Akaniambia, «Profe, darasani naogopa Kifaransa changu. Kwenye sauti nasema Kiswahili, nikikosea nafuta kabla sijatuma.»

Maneno hayo yalinifundisha kuliko semina yoyote. Katika nchi yetu mtoto huanza shule kwa lugha ya kwao, kisha Kifaransa kinashika darasa lote. Sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kuwa lugha za kufundishia. Sekondari bado mwenye kuteleza katika Kifaransa huchekwa, na mwenye kuchekwa hunyamaza. Kundi lilimpa mtu huyo chumba cha kufikiri kwa lugha yake, kisha kesho yake tukalitafsiri wazo pamoja kwenye tablo. Kifaransa chake kimekua kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema.

Miiko

Kila chombo kina uchafu wake. Nimeona makundi yaliyojaa uvumi wa risasi na picha za maiti, hadi wazazi wakawanyang'anya watoto simu. Nimeona majibu ya kazi yakitumwa saa tano usiku na darasa zima likinakili kosa lilelile. Nimesikia pia yale yanayowapata mabinti: ujumbe wa faragha kutoka kwa mtu mzima anayejifanya kusaidia masomo. Juu ya hilo sina upole. Katika kundi letu mwalimu hamwandikii mwanafunzi peke yake. Mzazi mmoja wa kike na mmoja wa kiume wamo ndani. Saa mbili na nusu usiku kundi linafungwa. Habari za vita, siasa na dini haziingii. Na kama zamani, jibu bila maelezo halihesabiwi: aliyekosea anaeleza kosa lake.

Desemba 2025 vita ilirudi. Waasi wa M23, waliokuwa wamechukua Bukavu Februari, waliingia Uvira, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Nilijikuta tena njiani na mfuko wa plastiki. Wanafunzi wangu walikuwa ng'ambo, milimani, wengine wamejifungia nyumbani. Mtandao ulipopatikana, nilituma sauti moja: «Kila mmoja aseme jina lake na aliye naye.» Majibu yalikuja siku sita, moja moja. Sikuwauliza walipo, kwa usalama wao. Kwa wale wenye simu niliwauliza nani wako karibu yao wasio nayo, na baada ya wiki mbili orodha ilikuwa na alama mbele ya majina yote isipokuwa manne. Mwaka 1996 nilipoteza darasa langu lote kwa usiku mmoja, na kumpata mwenzangu mmoja kulinichukua miaka ishirini.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Uvira, wa Fizi na wa bonde la Ruzizi, pamoja na wakuu wanaotupangia elimu ya simu kutoka miji mikubwa. Kabla ya kuunda kundi, chukueni orodha na muanze na majina ya wasio na simu. Kila simu muipe nyumba za kuhudumia. Tumeni kidogo, kwa lugha ambayo mtoto anafikiri kwayo, na mdai kiandikwe kwenye kaye. Wazazi, mpeni mtoto nusu saa ya simu jioni, mkae naye. Na mwanafunzi uliyepata somo leo, kuna jirani yako ambaye hajalipata. Mpelekee kabla hujalala.

Kaye ya historia ninayo bado. Mwenyewe sijampata.